Fundi wa simu aliyeunda tarakilishi, kisha akaamriwa kunyamaza

Wahenga walinena kwamba chanda chema huvikwa pete. Methali hii twaifundisha madarasani mwetu kana kwamba ni kanuni isiyopindika, ilhali historia imejaa vyanda vyema vilivyoingia kaburini bila pete, na vingine vilivyovikwa shaba pale vilipostahiki dhahabu. Miongoni mwao ni cha Mwingereza Thomas Harold Flowers, mhandisi wa simu aliyesanifu na kuunda mtambo ulioitwa Colossus. Mtambo huo leo huhesabiwa na wanahistoria wengi kuwa tarakilishi ya kwanza ya kielektroniki iliyoweza kupangiwa kazi. Flowers alifariki mnamo 1998 akiwa na umri wa miaka 92, na kwa takriban miaka 30 ya uhai wake hakuruhusiwa kumwambia hata mkewe kile alichokifanya.

Huenda msomaji akauliza, mwalimu wa isimu ana nini na mambo ya nyaya na umeme? Jibu ni kwamba mtambo wa Flowers haukuundwa ili kupiga hesabu za kodi wala za mizinga. Uliundwa ili kuhesabu herufi za lugha. Tarakilishi, ambayo wengi tunaifikiria kuwa mali ya wanahisabati peke yao, ilipata mojawapo ya mianzo yake katika swali ambalo sisi wanaisimu hulishughulikia kila siku: je, lugha ina mazoea gani, na mazoea hayo hujifichua vipi hata pale mtu anapojitahidi kuyaficha?

Flowers alizaliwa tarehe 22 Desemba 1905 katika mtaa wa Poplar, mashariki mwa jiji la London, karibu na bandari. Babake alikuwa mwashi. Kijana huyo hakupata bahati ya kupelekwa katika vyuo vikuu vya fahari ambako watoto wa wakubwa walisomea. Alianza kama mwanagenzi wa ufundi wa mitambo katika karakana za silaha za serikali pale Woolwich, na jioni, baada ya kutwa nzima kazini, alihudhuria masomo ya usiku hadi akajipatia shahada ya uhandisi wa umeme ya Chuo Kikuu cha London. Mnamo 1926 aliajiriwa na Idara Kuu ya Posta. Enzi hizo nchini Uingereza posta na simu vilikuwa chini ya paa moja, kama ilivyokuwa kwetu hadi Shirika la Posta na Simu lilipogawanywa mwaka 1999. Mwaka 1930 alihamia kituo cha utafiti cha idara hiyo kilichokuwa Dollis Hill, kaskazini-magharibi mwa London.

Ili tuelewe alichokileta duniani, yatubidi tuelewe kwanza kazi aliyokuwa akiifanya. Mtu alipopiga simu, mitambo ya kituo cha simu ilimuunganisha na mwenziwe kwa kutumia swichi nyingi zilizovutwa na sumaku za umeme, zikifunguka na kujifunga kwa mlio kama wa mtu anayegonga meno. Swichi hizo zilifanya kazi vyema, lakini zilikuwa na viungo vya chuma vinavyosogea, na kila kinachosogea huchelewa na hatimaye huchakaa. Flowers alijiuliza kama kazi hiyohiyo haingeweza kufanywa na vali, yaani zile taa za kioo zilizofanana na balbu ambazo redio za zamani zilizitumia. Ndani ya vali hakisogei chochote ila umeme wenyewe, kwa hivyo yaweza kufunguka na kujifunga mara maelfu kwa sekunde moja.

Wahandisi wengi wa wakati huo hawakuziamini vali. Walijua kutokana na redio za majumbani kwamba aghalabu huungua, wakakata kauli kwamba mtambo wenye mamia ya vali ungeharibika kila baada ya dakika chache. Flowers naye alikuwa amezitazama vali kwa macho yake mwenyewe katika kazi ya simu, akagundua jambo ambalo halikuwa limeandikwa katika vitabu vya wakubwa wake. Vali haiharibiwi sana na kufanya kazi, bali na kuwashwa na kuzimwa. Ukiiwasha kisha ukaiacha iendelee kuwaka usiku na mchana, yaweza kudumu muda mrefu ajabu. Kufikia 1939, vita vilipozuka, alikuwa ameridhika kwamba kituo kizima cha simu chaweza kuendeshwa kwa vali bila swichi hata moja isogeayo.

Vita ndivyo vilivyomkutanisha na mafumbo. Katika kijiji cha Bletchley, kaskazini mwa London, serikali ya Uingereza iliwakusanya wataalamu wa kufumbua mawasiliano ya siri ya adui. Wasomaji wengi wamesikia habari za Alan Turing na mtambo wa Kijerumani ulioitwa Enigma. Ni wachache waliosikia kwamba Hitler na majenerali wake wakuu walikuwa na mtambo mwingine mgumu zaidi, uliotengenezwa na kampuni ya Lorenz, waliokuwa wakiutumia kupelekeana maagizo mazito ya vita.

Mtambo wa Lorenz uliambatanishwa na teleprinta. Katika teleprinta kila herufi huwakilishwa kwa nafasi tano, na kila nafasi ama ina tundu ama haina, kwa hivyo kuna michanganyiko 32. Lorenz ilikuwa na magurudumu 12 ambayo yalizalisha mfululizo wa herufi zisizo na maana, kisha kila herufi ya ujumbe ikajumlishwa na herufi moja ya mfululizo huo. Aliyeupokea ujumbe alikuwa na mtambo kama huo uliopangwa vivyo hivyo. Herufi ileile ya siri ilipojumlishwa mara ya pili ilijifuta yenyewe, na ujumbe wa asili ukabaki peupe.

Mnamo Agosti 1941 mtuma ujumbe mmoja wa Kijerumani alifanya uzembe. Alituma ujumbe wa herufi zipatazo 4,000, akaombwa aurudie, naye akaurudia bila kubadilisha mpangilio wa magurudumu, huku akiyafupisha baadhi ya maneno. Kutokana na kosa hilo John Tiltman aliufumbua ujumbe huo, kisha kijana Bill Tutte akatambua muundo wa mtambo wote pasipo kuuona kwa macho. Kwa maoni yangu hilo ni mojawapo ya matendo makuu ya akili katika karne nzima ya 20.

Hata hivyo, kuujua muundo wa kufuli si kuwa na ufunguo. Kwa kila ujumbe ilibidi kujua magurudumu yalikuwa yameanzia wapi. Hapa ndipo mazoea ya lugha yalipoingia. Kila lugha hupenda baadhi ya herufi kuliko nyingine. Kiswahili, mathalani, huipenda mno irabu 'a', na maneno yake ya asili huishia kwa irabu. Kijerumani kina mapenzi yake, likiwemo la kuandika herufi maradufu. Iwapo mpangilio wa baadhi ya magurudumu umekisiwa sawasawa, kivuli cha mazoea hayo hujitokeza, na hesabu fulani ya herufi huzidi nusu kwa kiasi kidogo tu. Ikiwa makisio si sahihi, hesabu huwa nusu kwa nusu, kama mtu anayerusha sarafu. Kazi ilikuwa kuhesabu maelfu ya herufi, kujaribu mpangilio mwingine, kisha kuhesabu tena. Kwa mikono ya wanadamu ujumbe mmoja ungefumbuliwa vita vikiwa vimekwisha.

Max Newman, mwanahisabati wa Cambridge, alipendekeza mtambo wa kufanya kazi hiyo, nao ukaundwa. Ulitumia tepe mbili za karatasi zilizokimbia sambamba, moja ikiwa na ujumbe na nyingine ikiwa na mpangilio wa magurudumu. Tepe hizo zilinyooka, zikakatika, zikapishana, na hesabu ikaharibika. Mwanzoni mwa 1943, kwa ushauri wa Turing aliyekuwa ameufahamu uhodari wake, Flowers aliitwa kutoa msaada. Wenyeji wake walitazamia kwamba angezirekebisha zile tepe. Yeye aliwaambia kwamba tepe moja yapaswa kuondolewa kabisa, na mpangilio wa magurudumu uzalishwe ndani ya mtambo kwa njia ya vali.

Mtambo huo ungehitaji vali zaidi ya 1,000, ilhali mitambo ya kielektroniki waliyoizoea ilikuwa na vali zisizozidi mia moja na ushei. Wataalamu wa Bletchley hawakumsadiki. Waliamua kuendelea na mtambo wao wa tepe mbili, naye Flowers wakamwachia afanye apendavyo kwa njia zake mwenyewe. Alirudi Dollis Hill, na kwa ruhusa ya mkurugenzi wake, Gordon Radley, akaanza kazi pamoja na wenzake, wakiwemo Sidney Broadhurst, William Chandler na Allen Coombs. Walifanya kazi usiku na mchana. Baadhi ya vifaa Flowers alivinunua kwa fedha zake mwenyewe. Baada ya takriban miezi 11 Colossus ilikuwa tayari. Ilipelekwa Bletchley mnamo Januari 1944, na tarehe 5 Februari ikafanya kazi yake halisi ya kwanza.

Ilikuwa na vali zipatazo 1,600. Ilisoma herufi 5,000 kwa sekunde, tepe yake ya karatasi ikikimbia kwa kasi ipitayo kilomita 40 kwa saa. Ilipangiwa kazi kwa swichi na plagi, na waliouendesha mtambo huo kila zamu walikuwa mabinti wa kikosi cha wanawake cha jeshi la majini. Vali hazikuungua ovyo kama ilivyotabiriwa, kwa sababu Flowers aliagiza zisizimwe. Wakubwa walewale waliomtilia shaka sasa walidai mitambo mingine, na wakataka wa pili uwe tayari ifikapo Juni. Ulianza kazi tarehe 1 Juni 1944 ukiwa na vali 2,400 na kasi mara tano ya ule wa kwanza. Siku tano baadaye majeshi ya washirika yalitua Normandy. Vita vya Ulaya vilipokwisha kulikuwa na Colossus 10 zikifanya kazi.

Msomaji asidhani kwamba vita hivyo vya mafumbo vilipiganwa mbali nasi kabisa. Mnamo 1942, baada ya Wajapani kuushambulia mji wa Colombo, kituo cha Waingereza kilichokuwa kikisikiliza na kufumbua mawasiliano ya Kijapani kilihamishiwa Mombasa, katika majengo ya shule ya Allidina Visram. Kilikaa humo hadi 1943, kikashughulikia mafumbo ya jeshi la majini la Kijapani na ya meli zake za shehena. Shule hiyo wasomaji wangu wengi wa Pwani wanaijua, na huenda baadhi yao walisomea hapo. Hawakuambiwa habari hizo darasani, kwa maana nazo zilifunikwa na kiapo kilekile cha kunyamaza kilichomfunika Flowers.

Nalo funiko hilo lilikuwa zito. Baada ya vita Colossus nyingi zilivunjwavunjwa, zikabakizwa mbili kwa kazi za siri hadi karibu 1960. Flowers aliamriwa aziharibu hati zote. Aliichukua michoro yake, akaitia motoni katika tanuri la Dollis Hill, akaisimamia ikiteketea. Serikali ilimpa pauni 1,000, kiasi ambacho hakikufikia fedha alizokuwa ametumia, naye sehemu kubwa akawagawia wenzake. Nishani ya MBE aliyokuwa amepewa mnamo 1943 ilikuwa ya ngazi ya chini.

Linaloniuma zaidi kuliko hayo ni mkasa wa mkopo. Flowers aliomba fedha kwa Benki ya Uingereza ili aunde mtambo mwingine wa aina ya Colossus. Alikataliwa, kwa hoja kwamba mtambo kama huo hauwezi kufanya kazi. Mwombaji alikuwa amekwisha kuunda mitambo ya namna hiyo, nayo ikafanya kazi. Lakini kiapo kilimfunga ulimi, akaondoka kimya. Hata kazini kwake, alipotoa rai ya kujenga vituo vya simu vya kielektroniki, wenzake walimwona kuwa mtu wa ndoto, na hakuweza kuwaeleza imani yake ameipata wapi.

Aliendelea hata hivyo. Aliongoza utafiti wa mitambo ya kuunganishia simu, na matunda yake yakawa kituo cha majaribio cha Highgate Wood jijini London kilichozinduliwa mwaka 1962. Haki inanilazimu niseme kwamba kituo hicho hakikufaulu kama ilivyotarajiwa, kwa maana wazo lilikuwa limekitangulia kifaa. Mwaka 1964 alijiunga na kampuni ya Standard Telephones and Cables, akastaafu mnamo 1969.

Wakati huo wote ulimwengu ulikuwa ukifundishwa jambo jingine. Mwezi wa Februari 1946 Wamarekani walikuwa wameuonyesha umma mtambo wao ulioitwa ENIAC, uliokuwa na vali zipatazo 18,000, na kuanzia hapo vitabu vya shule vikaandika kwamba hiyo ndiyo tarakilishi ya kwanza ya kielektroniki. Waandishi hao hawakusema uongo kwa makusudi. Waliandika kwa mujibu wa karatasi zilizokuwapo, na karatasi za Flowers zilikuwa majivu. Mnamo 1975 serikali ya Uingereza ilitoa picha za Colossus hadharani. Mwaka uliofuata Brian Randell wa Chuo Kikuu cha Newcastle akaieleza habari yake mbele ya wataalamu, na mwaka 1977 chuo hicho kikamtunuku Flowers shahada ya heshima ya uzamifu.

Sharti pia tuchunge mizani, tusije tukamdhulumu mmoja kwa kumwinua mwingine. Colossus haikuwa tarakilishi kwa maana kamili ya leo. Haikuhifadhi programu ndani yake, na iliundwa kwa kazi moja mahususi. ENIAC ilifaa kwa hesabu za aina nyingi. Kabla yao, mwaka 1941, Mjerumani Konrad Zuse alikuwa ameunda mtambo uliopangiwa kazi, lakini wa swichi za sumaku. Tarakilishi haina baba mmoja. Lakini mtu wa kwanza kuthibitisha kwa vitendo kwamba vali zaidi ya 1,000 zaweza kushirikiana katika hesabu bila kukosea, kutwa kucha, alikuwa mwana wa mwashi wa Poplar. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Nimeyaeleza haya kwa sababu kuna dhana iliyoota mizizi katika jamii yetu kwamba ufundi ni kimbilio la waliofeli. Mzazi humficha jirani kwamba mwanawe amejiunga na chuo cha ufundi. Mwalimu humtisha mwanafunzi mzembe kwamba ataishia kuwa fundi. Maisha ya Flowers yanaivunja dhana hiyo kutoka msingini. Wanahisabati wa Bletchley walikuwa majabali wa fikra, na bila wao Flowers asingekuwa na la kuunda. Lakini hawakujua vali hudumu vipi. Ujuzi huo haukuwa katika maktaba zao. Ulikuwa katika mikono na macho ya mtu aliyeishi na mitambo ya simu, na siku walipoukataa ujuzi huo, walikaribia kuikosa silaha waliyoihitaji kuliko zote. Fikra ya Tutte na kazi ya Flowers zilikuwa nusu mbili za kitu kimoja. Taifa linalosomesha nusu moja na kuidharau nusu ya pili lisishangae likiwa mnunuzi wa mitambo milele na si muundaji.

Kwa walimu wa somo la tarakilishi nina ombi moja. Mkifika katika ukurasa unaosema mtambo fulani ulikuwa wa kwanza duniani, waulizeni wanafunzi ni nani aliyeandika hivyo, na alitegemea nini. Waelezeni kwamba miongo mitatu ya vitabu ilipotoka kwa sababu mtu mmoja aliamriwa kuchoma karatasi, na kwamba ukweli uliweza kurejeshwa kwa sababu baadhi ya wahandisi walihifadhi vipande vya michoro kinyume cha amri. Ni kwa vipande hivyo, pamoja na picha chache na kumbukumbu za wazee, mhandisi Tony Sale na wenzake walianza kuiunda upya Colossus mwaka 1993, nayo ikawashwa pale Bletchley mnamo 1996, Flowers mwenyewe akiwa bado hai.

Nanyi wanafunzi, ambao huchoka na masomo kabla ya muhula kwisha, zingatieni hili. Mwaka huohuo wa 1993, Flowers akiwa na umri wa miaka 87, alisoma kozi ya msingi ya matumizi ya tarakilishi katika chuo cha Hendon, kando ya vijana waliotosha kuwa wajukuu zake, akatunukiwa cheti.